Nani Alihesabiwa Kuwa Nani? Rangi, Kabila na Uenyeji katika Muundo wa Wakazi wa Mji wa Bagamoyo

Ikisiri

Makala hii inaeleza muundo wa wakazi wa mji wa Bagamoyo kwa kuzingatia rangi na kabila, kuanzia karne ya 19 hadi kipindi cha baada ya uhuru. Hoja kuu ni kwamba muundo huo hauwezi kuelezwa kwa orodha ya makabila pekee, kwa sababu kila utaratibu wa kuwahesabu wakazi ulidhihirisha tofauti fulani na kuficha nyingine. Wenyeji wa karne ya 19 walipima uungwana na uenyeji. Serikali za kikoloni zilipima rangi na kabila. Dola huru ilipima uraia. Watu waliopotea zaidi katika taratibu zote tatu ni wazao wa watumwa. Makala inahitimisha kwa kupendekeza namna ya kusoma vyanzo vilivyopo bila kuwavunjia heshima walio hai.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 makarani wa sensa walipopita nyumba kwa nyumba Tanzania Bara, waliwauliza wakazi swali ambalo halikuulizwa tena katika sensa yoyote iliyofuata: kabila lako ni lipi? Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 ziliuliza umri, jinsi, elimu, kazi na mahali pa kuzaliwa, lakini si kabila wala dini. Hivyo basi, takwimu rasmi zinaeleza kwamba wilaya ya Bagamoyo ilikuwa na watu 230,164 mwaka 2002 na 311,740 mwaka 2012. Hazielezi ni wangapi kati yao walikuwa Wazaramo, Wakwere, Wadoe au Wazigua, wala ni wangapi walikuwa na asili ya Uarabuni, Bara Hindi au Manyema.

Ukimya huo si uzembe wa wataalamu wa takwimu. Ni uamuzi wa kisiasa wenye sababu zake, na sababu hizo zitaelezwa katika sehemu ya sita. Hata hivyo, unamwachia mtafiti wa historia na jamii tatizo la kimbinu. Anayetaka kujua muundo wa wakazi wa mji mdogo wa pwani hulazimika kurudi kwenye hesabu za kikoloni, na akifanya hivyo bila tahadhari hurithi pamoja nazo mawazo ya waliozitunga. Makala hii inalichunguza tatizo hilo kupitia Bagamoyo, mji ulio pwani ya Tanzania ukitazamana na kisiwa cha Unguja, ambao katika karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya misafara iliyounganisha pwani na nchi za Maziwa Makuu.

2.0 Istilahi: Kabila, Taifa, Rangi na Uenyeji

Uchambuzi wa muundo wa wakazi hauna budi kuanza na maneno yanayotumika kuwagawa. Neno kabila limetoka katika Kiarabu, ambamo hutaja watu wanaojihesabu kuwa wazao wa babu mmoja kwa upande wa kiume. Jamii nyingi zinazopakana na Bagamoyo, wakiwamo Wazaramo, Wakwere na Wazigua, kwa desturi zilifuata ukoo wa mama, ingawa upande wa baba nao ulikuwa na nafasi yake. Kwa hiyo, neno lenyewe lilipotumiwa kuwapanga watu hawa, lilikuwa tayari limebeba kanuni ya nasaba ambayo haikuwa yao.

Neno taifa, ambalo leo humaanisha nchi na wananchi wake, katika Kiswahili cha mwisho wa karne ya 19 lilitumika pia kutaja jamii ya watu wa asili moja, hata Wanyamwezi au Wazigua. Rangi, kwa upande wake, haikuwa kigezo kikuu cha utambulisho katika mji wenyewe. Palikuwa na Waarabu weusi kwa sura na waungwana wa Kishomvi waliodai asili ya ng'ambo, na hakuna aliyeona katika hayo mkanganyiko wowote. Rangi ilipata nguvu ya kisheria baadaye, chini ya utawala wa kikoloni.

Kigezo kilichokuwa na uzito zaidi ni uenyeji. Mji ulikuwa na wenyewe, yaani wenye mji, na ulikuwa na wageni. Hata neno Mswahili halikuwa jina ambalo watu wengi walijiita. Mtu alijitambulisha kwa mji wake au ukoo wake, na uswahili ulikuwa jina la watu wa pwani kwa jumla, mara nyingi likitolewa na wengine. Tofauti hii kati ya jina analojiita mtu na jina analoitwa ndiyo msingi wa makala yote.

3.0 Wakazi wa Mji hadi Mwaka 1888

3.1 Washomvi na majirani wao

Kilomita chache kusini mwa Bagamoyo ya leo yako magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya mawe ya tangu karne za kati. Kaole ilififia na Bagamoyo ikainuka, hasa kuanzia mwisho wa karne ya 18. Waliojihesabu kuwa wenye mji ni Washomvi, ambao simulizi zao huihusisha asili yao na Barawa katika pwani ya Somalia, na pia na Ushirazi. Kwa mtafiti, simulizi hizo si hati za uhamiaji. Ni madai ya hadhi, kwani kudai asili ya ng'ambo kulimweka Mshomvi juu ya jirani yake wa bara na kumpa haki ya kupokea ushuru.

Hata hivyo, simulizi zizo hizo hukiri deni kwa majirani. Zinaeleza kwamba Wakamba waliposhambulia pwani, Washomvi waliomba msaada wa Wazaramo, ambao viongozi wao walikuwa na cheo cha pazi. Wazaramo walipowafukuza wavamizi, walipata haki ya kupewa sehemu ya mapato ya pwani. Kwa kauli nyingine, mkataba wa kuanzishwa kwa mji ulihusisha jamii mbili tangu mwanzo. Wazaramo kwa upande wa kusini, Wakwere na Wadoe kwa upande wa bara, na Wazigua kwa upande wa kaskazini ng'ambo ya mto Wami, waliingia mjini kwa biashara, ndoa, vita na elimu ya dini. Mpaka kati ya Mshomvi na Mzaramo ulikuwa wa hadhi zaidi kuliko wa damu.

3.2 Waarabu, Wabaluchi na watu wa Bara Hindi

Kukua kwa dola ya Masultani wa Zanzibar kulileta tabaka jingine la wakazi. Waarabu wa Omani walimiliki mashamba na kugharimia misafara. Liwali alimwakilisha Sultani, na kikosi cha askari Wabaluchi chini ya jemadari wao kililinda masilahi yake. Wabaluchi hao walioa mjini, na wazao wao wakawa sehemu ya watu wa pwani.

Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi hawakuwa jamii moja. Walikuwamo Makhoja wa Ismailia, Mabohora, Wahindu, Wagoa wa Kikatoliki na Waparsi wachache. Aliyejulikana zaidi ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Ismailia aliyefariki mwaka 1897, ambaye aliwapatia wasafiri bidhaa na wapagazi, na ambaye mali yake ilisaidia kujenga hospitali na shule. Jengo la shule alilolitoa Bagamoyo hukumbukwa kwa sharti lake kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi. Sharti hilo lina maana kihistoria: halikuwa na haja ya kutamkwa isipokuwa mahali ambapo ubaguzi wa rangi ulikuwa umeanza kuwa utaratibu.

3.3 Wapagazi na watumwa

Makundi mawili makubwa kwa idadi ndiyo yaliyoacha majina machache zaidi katika kumbukumbu. La kwanza ni wapagazi, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwa maelfu waliteremka pwani na pembe za ndovu kisha wakasubiri msafara wa kurudi. Katika msimu huo mji ulibadilika kabisa. Mkazi wa kudumu alikuwa mmoja kati ya wengi, na Kinyamwezi kilisikika sokoni sawa na Kiswahili. Wengine walibaki, wakaoa na kulima. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unaojulikana hadi leo ni kumbukumbu hai ya njia hiyo ya misafara.

La pili ni watumwa. Walitoka Manyema, Unyasa, Uyao na nchi nyingine nyingi, wakafanya kazi mashambani, majumbani, katika uchukuzi na katika ufundi. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bagamoyo na kukusanya watoto na watu wazima waliokombolewa, wakaunda kijiji cha Kikristo kando ya mji wa Kiislamu. Kijiji hicho kilikuwa na watu wa asili nyingi waliounganishwa na ubatizo, Kiswahili na mashamba ya misheni.

Jina la mji lenyewe hufasiriwa kwa kufuata makundi haya mawili. Wapo wanaolieleza bwaga moyo kuwa kauli ya mtumwa aliyekata tamaa kabla ya kuvushwa bahari, na wapo wanaolieleza kuwa kauli ya mpagazi aliyefika mwisho wa safari na kutua mzigo. Fasiri ya kwanza ndiyo inayotawala katika maelezo ya utalii. Ya pili ndiyo inayopewa uzito na wanahistoria wengi. Kuchagua fasiri ni kuchagua ni nani awekwe katikati ya historia ya wakazi wa mji.

4.0 Jinsi Mgeni Alivyogeuka Mwenyeji

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji aone mji kama kapu lenye makundi yaliyotengana. Sivyo ulivyokuwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo mwenye asili ya Kizaramo aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, alieleza desturi za mji wake katika kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Katika maelezo yake, mpangilio wa watu unajengwa juu ya hatua kuliko makabila. Mtumwa mjinga, yaani aliyeletwa karibuni kutoka bara, si sawa na mzalia, yaani aliyezaliwa pwani. Mzalia anajua lugha, dini na adabu za mji, na watoto wake watakuwa karibu zaidi na uungwana kuliko yeye. Ngazi hizo zilikuwa za udhalilishaji, lakini zilikuwa ngazi, na watu walizipanda.

Njia za kupanda zilikuwa nne. Ya kwanza ni dini: mtu alisilimu, akasoma chuoni, akapata jina jipya. Ya pili ni ndoa na usuria. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana alimzaa na suria wake alizaliwa huru na kufuata nasaba ya baba, hata kama mama yake alitekwa Manyema. Ya tatu ni ngoma, karamu na vyama, ambavyo mgeni mwenye mali alivitumia kutangaza kwamba naye ni mtu wa mji. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu miji ya pwani hii, ameonyesha kwamba uwanja huo wa karamu ulikuwa pia uwanja wa mapambano, kwa sababu waliotaka kuingia walikuwa wengi na waliotaka kufunga mlango walikuwa na nguvu. Ya nne ni ujirani wenyewe. Steven Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 2019, ameeleza kuwa utambulisho wa kuwa mtu wa Bagamoyo uliwaunganisha watu wa asili tofauti na kuwapa madai ya pamoja juu ya mji.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Alitekwa Manyema akiwa mtoto, akanunuliwa na Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu wa Bagamoyo. Alifanya biashara, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa mwanachuoni mwenye wafuasi wengi ndani na nje ya mji. August Nimtz, aliyechunguza historia ya tarika hiyo mwaka 1980, anaonyesha kwamba nguvu yake ilitokana kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa pembezoni mwa heshima ya mji, wakiwamo waliowahi kuwa watumwa na wazao wao. Waulizwe Washomvi, Waarabu, Wamanyema na Wazaramo waliokaa mbele yake darasani: Sheikh Ramiya alikuwa wa kabila gani? Kila jibu lingekuwa la kweli kwa kiasi, na hakuna lingetosha.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mji uliyeyusha tofauti zote. Mipaka iliyolegea msikitini ilikaza katika ndoa. Kanuni ya kufu, inayotaka mume awe na hadhi inayolingana na ya mke, ilimfanya binti wa muungwana asiozwe kwa urahisi mtu ambaye babu yake alinunuliwa. Asili ya utumwa, iliyonyamaziwa mwaka mzima, ilitajwa kwa kunong'ona siku ya posa. Huo ndio uliokuwa usajili wa kabila usioandikwa, na ulikuwa na athari kubwa kuliko daftari lolote la serikali.

5.0 Hesabu za Kikoloni: Kutoka Hadhi hadi Rangi

Vita vya 1888 na 1889 dhidi ya Wajerumani viliongeza wakazi wa aina nyingine. Hermann von Wissmann alikuja na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri na askari walioitwa Wazulu, walioajiriwa Msumbiji. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani hadi mwaka 1891, serikali ilipohamia Dar es Salaam. Uhamisho huo, pamoja na reli ya kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, uliathiri muundo wa wakazi kuliko sheria yoyote. Misafara ilikufa, wapagazi hawakuja tena, na wafanyabiashara wa Kihindi walifuata bandari mpya. Nyumba zao za ghorofa na milango ya nakshi zilibaki zikiwa ushahidi wa wakazi walioondoka.

Sambamba na hayo, sheria ilianza kuwapanga watu upya. Wajerumani waligawa watu katika wenyeji na wasio wenyeji, na Waarabu pamoja na Wahindi wengi wakawekwa upande mmoja na Waafrika kwa mambo mengi ya kisheria. Wagoa na Waparsi walilinganishwa na Wazungu. Hivyo jirani wawili waliotoka ng'ambo ileile ya bahari, wenye maduka katika mtaa mmoja, walikuwa na hadhi mbili mbele ya hakimu. Neno mwenyeji lenyewe lilipinduliwa. Katika mji lilikuwa jina la heshima lililogombewa. Katika sheria likawa jina la mtu mwenye haki pungufu.

Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuupanua. Sensa za Tanganyika za 1948 na 1957 zilifanywa kama hesabu mbili tofauti, moja ya Waafrika na nyingine ya wasio Waafrika. Wasio Waafrika waligawanywa kuwa Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na wengineo. Waafrika waligawanywa kwa makabila. Utaratibu huo ulidai kila mtu awe na jibu moja tu. Mathalani, mtoto wa baba Mwarabu na mama Mzaramo alikuwa Mwarabu kwa kanuni ya baba, na alikuwa mtu wa ukoo wa mama yake kwa kanuni ya Wazaramo. Katika maisha ya mji aliweza kuwa vyote viwili, akirithi jina huku na shamba kule. Katika daftari alipaswa kuwa ama hesabu ya Februari ya wasio Waafrika ama hesabu ya Agosti ya Waafrika.

Watu hawakuyapokea majina hayo wakiwa wamekaa kimya. Walijichagulia majina kulingana na faida na hatari ya kila jina. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka ng'ambo ya mlango wa bahari, Zanzibar, ambako idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, wakati majina kama Mshirazi yakipata nguvu. Watu hawakufa wala kuhama kwa kiasi hicho. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na watu wakalitupa. Upande wa bara mambo yalikwenda kwa mwelekeo unaofanana: mzao wa mtumwa kutoka Unyasa au Manyema aliweza kujiandika Mzaramo, kabila la jirani zake, la mke wake au la shamba alilolima.

Hapo ndipo kundi kubwa lilipopotea. Wajerumani waliamua kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, na utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Baada ya hapo hapakuwa na safu ya daftari kwa mzao wa mtumwa. Kwa mtu mwenyewe, kupotea huko kulikuwa ukombozi. Kwa mtafiti anayeichukua sensa ya 1957 kuwa picha ya asili za watu, ni mtego. Idadi ya Wazaramo wa Bagamoyo katika daftari si idadi ya watu ambao mababu zao wote walikuwa Wazaramo. Ni idadi ya watu ambao, siku ile, mbele ya karani yule, Uzaramo ulikuwa ndio jibu lililofaa.

6.0 Uhuru na Ukimya wa Sensa

Oktoba 1961, katika mjadala wa bunge kuhusu uraia, palitokea hoja kwamba uraia wa Tanganyika utolewe kwa Waafrika peke yao. Julius Nyerere aliipinga hoja hiyo kwa nguvu na kukataa rangi iwe kipimo cha uraia. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na pamoja nayo ukaondoka mfumo wa utawala uliomhitaji kila Mwafrika awe na kabila ili awe na mtawala. Kwa mantiki hiyo, kuondolewa kwa swali la kabila baada ya 1967 kulikuwa hitimisho la sera iliyoanza mapema. Dola iliyotaka wananchi haikuona sababu ya kuwahesabu watu wa makabila.

Faida za uamuzi huo hazihitaji kutiliwa chumvi ili zionekane. Siasa za Tanzania hazikujengwa juu ya hesabu ya kabila lipi ni kubwa, na hakuna mgombea anayeweza kutangaza asilimia ya watu wake kwa kutumia takwimu za serikali. Hata hivyo, muundo wa wakazi uliendelea kubadilika bila kuandikwa. Sheria ya kutaifisha majengo ya mwaka 1971 iliwafanya raia na wakazi wengi wenye asili ya Bara Hindi waondoke nchini, na miji midogo ya pwani ikabaki na familia chache. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981 kilileta vijana na walimu kutoka kila pembe ya nchi. Wafugaji walihamia maeneo ya ndani ya wilaya. Ukaribu na Dar es Salaam, na baadaye mipango ya bandari huko Mbegani, viliongeza wanunuzi wa ardhi wasio wazaliwa wa mji.

Katika mazingira ya mahitaji ya ardhi, swali la uenyeji hurudi kwa sauti mpya. Anayedai fidia au kupinga mpaka wa kiwanja husema kwamba familia yake ilikuwapo tangu mababu. Kabila halimo katika sheria ya ardhi, lakini limo katika hoja za baraza la mtaa. Hapo mzao wa mtumwa yuko hatarini kuliko wengine. Babu yake alilima shamba la bwana wake, hakuandikiwa hati, na ukoo wake ulinusurika kwa kutosema ulikotoka. Ukimya uliomlinda katika ndoa unaweza kumnyima shahidi katika shauri la ardhi.

7.0 Athari kwa Utafiti

Kutokana na uchambuzi huu, kanuni nne zinapendekezwa kwa mtafiti wa muundo wa wakazi wa miji ya pwani.

Kwanza, jina la kabila katika chanzo chochote lisomwe kuwa tukio, si kuwa sifa ya mwilini. Mtafiti aandike nani alilitaja, mbele ya nani, mwaka gani na kwa manufaa gani. Mshomvi wa mwaka 1880, Mshomvi wa mwaka 1957 na Mshomvi wa leo hawadai jambo lilelile.

Pili, takwimu za wilaya zisitumike kuueleza mji. Wilaya ina wakulima na wafugaji wa bara ambao ni wengi kwa idadi, na mji una historia ya kibahari isiyoonekana katika wastani wa wilaya. Kuchanganya viwango hivi viwili kumezaa kauli nyingi zisizo na msingi kuhusu nani ndiye mwenye Bagamoyo.

Tatu, vyanzo visivyo vya takwimu vipewe nafasi yake. Vitabu vya ubatizo vya misheni, makaburi ya Kaole na ya mjini, hati za wakfu, mashauri ya kadhi na liwali, uanachama wa tarika, mizaha ya utani na majina ya ngoma vinaweza kuonyesha mahusiano ambayo daftari la sensa liliyakata. Kila kimoja kina upendeleo wake: kitabu cha ubatizo humwona Mkristo, hati ya wakfu humwona mwenye mali. Nguvu yake iko katika kulinganishwa.

Nne, na hii ni kanuni ya maadili, mtafiti asigeuze kumbukumbu ya utumwa kuwa tangazo. Familia nyingi zimejenga heshima yake kwa vizazi vitatu au vinne juu ya jina lililochaguliwa. Kuandika kwamba ukoo fulani, uliotajwa kwa jina, ni wa asili ya watumwa kunaweza kuvunja posa, kuharibu shauri la ardhi na kufufua dharau iliyokuwa imelala. Inawezekana kabisa kueleza mchakato wa kijamii bila kuwataja wahusika walio hai. Wakati huohuo, kunyamaza kabisa ni kuwaachia ushindi waliotaka historia ya mji iwe ya waungwana peke yao. Mtafiti anapaswa kulieleza kundi, na kumwachia mtu mwenyewe uamuzi wa kujitaja.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba wakazi wa Bagamoyo walihesabiwa kwa mizani tatu. Mizani ya mji ilipima uungwana na uenyeji, ikaruhusu watu kupanda ngazi huku ikiwakumbusha walikoanzia. Mizani ya kikoloni ilipima rangi na kabila, ikadai jibu moja kwa watu wenye asili mbili au tatu. Mizani ya dola huru ilipima uraia, ikaondoa ubaguzi wa daftari lakini pia ikaondoa kumbukumbu. Hakuna mizani kati ya hizo iliyomweka wazi mzao wa mtumwa, ingawa kazi za mababu zake ndizo zilizobeba pembe, zilizopanda minazi na zilizojenga nyumba ambazo mgeni hupelekwa kuziona leo.

Hivyo basi, swali la makabila yaliyomo Bagamoyo lina majibu mengi yaliyo sahihi, na kila jibu lina tarehe. Kazi ya mtafiti ni kuonyesha jinsi kila jibu lilivyopatikana, na ni nani aliyelipa gharama yake.